Sauti Ileile Iliyorekodiwa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Spika za Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinazungumzia jambo moja: mtu amenunua spika za bei, amezifunga nyumbani, na anachokisikia sicho alichokitarajia. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya matatizo ya wenzake.

Ndugu mwandishi, nimenunua jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni pamoja na amplifaya yake. Sebule yangu ina urefu wa mita 5, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 3. Kuta ni za tofali za saruji, sakafu ni ya marumaru na dari ni ya jipsamu. Spika nimezisogeza pembeni kabisa, kila moja kwenye kona yake, na kochi kubwa limeegemea ukuta unaozitazama. Nikipiga muziki wa dansi, gitaa la besi linavuma kwenye noti fulani na kunywea kwenye nyingine, na mtangazaji wa kiume anasikika kana kwamba anazungumzia ndani ya pipa. La ajabu ni kwamba mke wangu, akisimama kwenye mlango wa jikoni ulio konani, anasema besi ya huko ni kubwa kuliko ninayoipata mimi. Kosa ni la spika au la amplifaya? *Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam.*

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa, ndugu yangu, mshukiwa wa kwanza ni chumba, na amplifaya ningeiacha kabisa. Amplifaya yoyote ya kisasa iliyotengenezwa kwa uangalifu na isiyolazimishwa kupita uwezo wake hupitisha masafa yote ya muziki, yaani sauti zote kuanzia nene hadi nyembamba, karibu sawasawa. Spika hukosea zaidi ya amplifaya, na chumba, hasa katika besi, hukosea zaidi ya vyote viwili.

Sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 348 kwa sekunde katika joto la sebule za pwani. Wimbi linapogonga ukuta hurudi, likakutana na linalofuata, na iwapo urefu wa chumba ni sawa na nusu ya urefu wa wimbi hilo, mawimbi hayo hushikana na kusimama mahali pamoja badala ya kupita. Kwa mita 5 zako, jambo hilo hutokea kwenye mitetemo 35 kwa sekunde, yaani hezi 35, kisha kwenye 70, kisha kwenye 104. Kwa upana wa mita 3.5 hutokea kwenye hezi 50 na 99, na kwa kimo cha mita 3 hutokea kwenye 58 na 116. Gitaa la besi la nyuzi nne huanzia hezi 41 hivi na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika chini ya hezi 200, kwa hiyo noti zinazoangukia kwenye namba hizo hukuzwa na chumba, na zinazoangukia kati yake huachwa zijitegemee. Mpiga gitaa alizipiga kwa nguvu moja, lakini sebule yako ina upendeleo.

Mawimbi haya yaliyosimama huwa na kilele, yaani mahali yanaposikika kwa nguvu zaidi, kwenye kuta. Kochi lililoegemea ukuta limekaa juu ya kilele cha mawimbi yote ya urefu, la 35, la 70 na la 104 kwa pamoja. Tena, ukikaa katikati ya upana wa chumba, kama wasikilizaji wengi wanavyopenda, unakuwa pia kwenye kilele cha wimbi la pili la upana, lile la hezi 99. Hapo ndipo lilipo pipa lako: sauti ya mwanamume huwa na msingi wake jirani na hezi 100 hadi 130, na wewe umeketi mahali ambapo chumba kinakuza 99 na 104 kwa wakati mmoja. Wimbi la kwanza la upana, la hezi 50, hali yake ni kinyume, kwani katikati ya chumba halisikiki kabisa, ilhali pembeni linasikika lote. Ndiyo sababu mama aliye konani mwa mlango wa jikoni anapata besi ambayo wewe umenyimwa. Kona ni mahali ambapo vilele vya pande zote tatu hukutana. Na kama kona hupokea zaidi, basi pia hutoa zaidi: spika iliyowekwa konani huyaamsha mawimbi yote ya chumba kwa nguvu zote.

Sasa tiba, ambayo haihitaji senti hata moja. Zitoe spika konani uziweke kila moja takriban sentimita 87 kutoka ukuta wake wa pembeni, yaani robo ya upana wa sebule, kwa kuwa hapo ndipo wimbi la hezi 99 lina utulivu, na spika iliyosimama mahali penye utulivu hushindwa kuliamsha wimbi hilo. Kisha lisogeze kochi mbele mpaka vichwa vya wasikilizaji viwe mita moja hivi kutoka ukuta wa nyuma. Kwa chumba chenye urefu kama wako, kuhama huko kunayashusha mawimbi ya hezi 70 na 104 hadi karibu theluthi ya kiwango ulichokuwa unakipata ukutani. Wimbi la 35 litabaki na nguvu, lakini muziki wa dansi hauna mengi huko chini.

Vitabu vitakuambia kwamba spika mbili na msikilizaji vinapaswa kuunda pembetatu ya pande sawa, na ni kweli kwamba hivyo ndivyo uwanda wa stirio, yaani ile hisia ya kila chombo kuwa mahali pake kati ya spika mbili, unavyojengeka vizuri zaidi. Kwa mpangilio niliokupa, pembetatu yako itakuwa ndefu na nyembamba, na vyombo vitasogeleana kidogo. Kwa maoni yangu ni bei ndogo kulipa ili kuondokana na lile pipa. Na siku unaposikiliza peke yako, unaweza kuvuta kiti mbele na kuipata pembetatu kamili, mradi usiketi katikati hasa ya urefu wa chumba, ambako hezi 35 na 104 hupotea. Hakikisha pia kwamba zile spika ndogo za sauti nyembamba, twita, ziko usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Kuhusu umbali kutoka ukuta wa nyuma ya spika, kumbuka kwamba besi huenea pande zote, hivyo sehemu yake huenda ukutani na kurudi. Umbali unapokuwa robo ya urefu wa wimbi, kinachorudi hukifuta kinachotoka. Kwa sentimita 87, hilo hutokea kwenye hezi 100, jambo ambalo kwa wengine ni hasara na kwako huenda likawa faida. Jaribu hatua kwa hatua, sentimita kumi kumi, huku mtu akisoma gazeti redioni.

Usiufuate kila ushauri unaousoma kutoka Marekani na Kanada. Nyumba nyingi za huko zina kuta za jipsamu iliyopigiliwa kwenye fremu za mbao, ambazo hunesa kidogo besi inapozigonga na hivyo kuila sehemu ya nguvu yake. Tofali za saruji hazinesi. Besi iliyoingia sebuleni mwako hutoka kwa mlango, kwa dirisha na kwa kiasi fulani kupitia dari ya jipsamu iliyoning'inizwa, basi. Kwa hiyo spika ambayo mhakiki wa huko ameisifu kwamba ina besi ya kutosha yaweza kuwa na besi ya kupindukia ikifika Tabata.

Kama baada ya kuhamisha vitu bado kuna noti inayovuma, tumia ikolaiza, yaani kirekebishi cha kuongeza au kupunguza masafa fulani, lakini kwa kupunguza tu. Kilele kinapunguzika vizuri. Shimo halijazwi, kwa sababu pale sauti inapojifuta yenyewe, kila unachoongeza nacho hujifuta. Na kuongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi. Programu ya kompyuta iitwayo Room EQ Wizard hutolewa bure na itakuchorea mchoro wa namna chumba chako kinavyokuza au kupunguza kila masafa, ingawa utahitaji maikrofoni ya kupimia, kwa kuwa maikrofoni za simu nyingi hazinasi besi ya chini kwa uaminifu.

Umefanya vizuri, hata bila kukusudia, kuipima spika kwa sauti ya mtangazaji. Wahandisi wa BBC, katika idara yao ya utafiti pale Kingswood Warren nchini Uingereza, walitumia mbinu hiyohiyo kwa miaka mingi: mtu husema studioni, na msikilizaji huilinganisha sauti yake halisi na ile inayotoka kwenye spika. Spika yao ndogo ya LS3/5A ya miaka ya 1970, ambayo kimo chake ni kama sentimita 30 tu, ilibuniwa kwa ajili ya vyumba vidogo kama vile magari ya matangazo ya nje, ambako mhandisi alihitaji kujua kama sauti ya msemaji ni safi. Ala ya muziki inaweza kukudanganya kwa kuwa hujui ilisikikaje siku ya kurekodiwa. Sauti ya binadamu masikio yetu yanaijua tangu utotoni.

Mwandishi mpendwa, muuzaji wa duka moja ameniambia kwamba spika zangu hazitatoa sauti halisi mpaka ninunue waya za bei ambayo ni karibu nusu ya bei ya spika zenyewe. Je, ni kweli? *Msomaji wa Kisauni, Mombasa.*

Jibu: Si kweli. Waya ya shaba yenye unene wa milimita za mraba 2.5, inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya umeme, ina ukinzani wa takriban omu 0.007 kwa mita. Ikiwa spika yako iko mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi mita 10, na jumla ni omu 0.07, chini ya asilimia moja ya omu 8 za spika ya kawaida. Hakuna sikio litakalolitambua hilo.

Jihadhari na jambo jingine: kuna waya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba kwa juu, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Kisha hakikisha kwamba alama ya kujumlisha ya amplifaya imeungwa na ya kujumlisha ya spika kwa pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja husukuma hewa wakati nyenzake inavuta, besi hupotea, na mwimbaji ambaye angesikika katikati hutawanyika asijulikane alipo. Watu hubadilisha spika nzima kwa kosa ambalo dakika moja ingelitosha kulirekebisha.

Mheshimiwa mwandishi, nataka kununua spika za sebuleni. Dukani nimeonyeshwa redio kubwa iliyoandikwa wati 5,000 PMPO, na kando yake jozi ya spika ndogo zilizoandikwa wati 50 tu lakini zenye bei kubwa kuliko ile redio. Muuzaji aliziwasha zote, na redio ilinivutia zaidi. Nichague vipi bila kudanganyika? *Msomaji wa Nakuru.*

Jibu: Anza kwa kuigeuza ile redio na kusoma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaotumika. Soketi ya Kenya, kwa volti 240 na fyuzi ya ampea 13, haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120 hivi kwa mfululizo, kwa hiyo wati 5,000 hazikutoka ukutani. Huenda ukakuta kibandiko kinasema wati 60 au 80. Namba hiyo ndiyo ya kuaminika, na kinachofika kwenye spika kwa mfululizo ni pungufu yake. PMPO, yaani kilele cha nguvu kinachodaiwa kwa kitambo kifupi mno, haina kipimo kinachokubaliwa na wote, na mtengenezaji huandika apendavyo. Hata wati za kweli hazizungumzii uhalisi wa sauti. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio huliona dogo. Ili sauti isikike kubwa maradufu huhitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Pili, uliposikiliza, yumkini redio ile ilikuwa imefunguliwa zaidi. Kati ya vifaa viwili, kinachopiga kwa nguvu zaidi, hata kwa tofauti ndogo sana, huonekana kuwa bora. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wahandisi. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza uwezo wa kusikia besi sauti inapokuwa ya chini, hivyo kifaa kilichoongezwa sauti huonekana pia kuwa na besi nono zaidi. Mwombe muuzaji azilinganishe kwa sauti sawa, na kama simu yako ina programu ya kupima desibeli, hapa itakufaa, kwa kuwa unatafuta tofauti tu na si kipimo kamili.

Tatu, zisikilize bila kuzitazama. Floyd Toole, aliyefanya utafiti huu katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada huko Ottawa, aliwaweka wasikilizaji mbele ya pazia lililozificha spika, akakuta kwamba watu wanaosikia vizuri hukubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya spika iliyo bora. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walionyesha kwamba watu haohao, pazia linapoondolewa, hubadilisha alama zao kwa kufuata ukubwa, sura na jina la kampuni. Spika zilizopendwa nyuma ya pazia zilikuwa na sifa inayopimika: zilitoa masafa yote kwa usawa kuelekea mbele, na kuelekea pembeni zilipungua taratibu bila kupanda na kushuka ghafla. Hilo la pembeni ni muhimu kwa sababu nyumbani sehemu kubwa ya unachokisikia imegonga ukuta kwanza, na kama iliyokwenda ukutani ina kasoro, itakurudia na kasoro yake.

Huna pazia dukani, lakini una macho ya kufumba. Omba spika moja tu iwashwe, si mbili, kwani Toole aligundua pia kwamba kasoro hujificha spika zinapopiga mbili. Piga wimbo wa mwanamke anayeimba na ala chache, kisha hotuba, kisha kwaya. Nyanyuka, tembea upande huu na huu mbele ya spika. Ikiwa sauti ya mwimbaji inabadilika rangi unapotoka katikati, achana nayo hata kama ukiwa umeketi ilikupendeza. Angalia pia uwezo wake wa kugeuza umeme kuwa sauti, ambao huandikwa kwa desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja: spika ya desibeli 90 inahitaji nusu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 87 ili kufikia ukubwa uleule wa sauti. Kwa sebule ya kawaida, wati 50 za kweli ni nyingi.

Assalaam alaykum, ustadh. Tumehamia nyumba mpya. Majlisi ina mita 8 kwa 6, kimo cha mita 3.5, sakafu na nusu ya kuta ni marumaru. Katika nyumba ya zamani tulikaa chini juu ya mazulia na mito mikubwa iliyozunguka kuta. Hapa watoto wametaka makochi ya miguu myembamba. Nina taarabu za zamani nyingi, nyingine za santuri, na spika ni zilezile, lakini sasa maneno hayashikiki. Je, ninunue spika kubwa zaidi? *Msomaji wa Maskati, Oman.*

Jibu: Waalaykum salaam. Usinunue. Spika kubwa hazitauondoa mwangwi, maana maneno hayashikiki kwa kuwa silabi iliyotangulia bado inazunguka chumbani wakati ya pili inatamkwa. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa mwaka 1895 kazi ya kukitibu chumba cha mihadhara chenye tatizo hilohilo, akabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akaipanga na kuhesabu sekunde ambazo sauti hubaki hewani. Kanuni aliyoipata bado inatumika: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawa kwa jumla ya mita za mraba zinazomeza sauti. Majlisi yako ina mita za ujazo 168. Kama vilivyomo vinameza kiasi cha mita za mraba 14, sauti itadumu karibu sekunde 1.9. Kwa kusikiliza muziki nyumbani, lenga karibu nusu sekunde, na hilo linadai mita za mraba zipatazo 54 za umezaji.

Kwa maneno mengine, nyumba yenu ya zamani ilikuwa na vifaa sahihi. Irudishe mito ile kandokando ya kuta, tandika zulia nene lenye kitambaa kizito chini yake, na mapazia yawe mazito yenye mikunjo mingi. Zulia jembamba peke yake halitoshi, kwa kuwa humeza masafa ya juu tu na kuyaacha ya kati na ya chini yakizunguka, na matokeo yake ni chumba kizito chenye mwangwi wa chini. Ikiwa watoto hawataki kuachia makochi, nao wana haki yao, sogea karibu na spika: kadiri unavyokaribia, ndivyo sauti inayokuja moja kwa moja inavyopata nguvu dhidi ya mwangwi.

Kuhusu santuri, uhalisi una mipaka ambayo spika haiwezi kuivuka. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mitambo ya wakati huo haikunasa masafa ya juu kabisa, na yasiyonaswa hayarudishwi kwa kuongeza sauti nyembamba kwenye ikolaiza. Utakachoongeza ni mchakacho wa sindano. Spika ya kweli itakupa mchakacho ule kama ulivyo, na nyuma yake sauti ya mwimbaji bila kitu kilichoongezwa. Rekodi hizo ni za njia moja, kwa hiyo kama unazipiga kwa sindano ya stirio, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya yako: mwimbaji hutoka sawa kwa pande zote mbili, ilhali sehemu ya mchakacho itokanayo na sindano kupanda na kushuka mfereoni hutoka kinyume kwa kila upande, na pande hizo zinapounganishwa sehemu hiyo hujifuta.